Kwa Nini Bibi Alikubali Kuvaa Saa

Juzi nilikuwa zahanati moja pale Bunda, nasubiri majibu ya malaria. Akaingia binti wa utafiti na saa za mkononi zinazopima mtu anatembea kiasi gani kwa siku. Alitaka wazee wazivae kwa wiki moja.

"Mimi si ng'ombe wa kupigwa chapa," akasema mzee mmoja, akaficha mikono ndani ya koti.

Mkewe akanyoosha mkono wake. "Nifunge mimi, mwanangu. Huyu anasemaga nashinda nimekaa tu. Napalilia pamba, nachota maji, natafuta kuni, yeye haonagi."

Mzee akacheka, halafu akauliza taratibu, "Hiyo saa inasema mtu alikuwa wapi?"

"Hapana, babu. Inaonyesha tu kama ulitembea au ulikaa."

"Bora ingesema nilikuwa wapi," mzee akanung'unika. "Hii itasema nimekaa kutwa."

Bibi akamvuta mkono kutoka kwenye koti, akauweka mezani. "Mfunge na huyu. Kaza."

Tulicheka wote, hata wenye homa. Binti akawashukuru sana, akatuambia kwa furaha kwamba wazee wa Bunda wanaipenda sayansi kweli kweli. Hakuna aliyetaka kumharibia utafiti wake.