Majina ya Moto Kutoka Mtambo wa Baba

Sisi tuliokulia Mbinga enzi za ruksa, miaka ya themanini kuelekea tisini, kabla kompyuta hazijapanda milima yetu, tulikuwa na starehe moja ambayo watoto wa leo hawataijua: kushika jina lako likiwa bado la moto.

Baba yangu alikuwa injinia wa mitambo katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni. Mtambo wake wa kupangia herufi ulikuwa na chungu cha madini ya risasi yaliyoyeyuka. Baba akibofya herufi, unalia kacha kacha, kisha unatema mstari mzima wa maneno ya risasi. Ukianza kusumbua, aliusikiliza kimya mpaka ajue panapouma. Vijana wa siku hizi simu ikigoma wanaizima na kuiwasha, basi, ufundi umeisha!

Kila mtoto wa mtaani kwetu alipopokea Komunyo ya Kwanza, baba alimchapia jina lake kwa risasi. Tulitoka kanisani mbio, wasichana na magauni yetu meupe, tukapanga foleni dirishani kwake. Ukipewa lako unalirusharusha viganjani huku ukipuliza, halafu unalibonyeza kwenye udongo mbichi, maana herufi zilitoka zimegeuka. Hapo ndipo unajisoma. Mama naye alikuwa na la kwake, juu ya kabati. La baba halikuwepo. Mama alimsema kila Krismasi, naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Nitajichapia siku nikistaafu. Haraka ya nini?"

Kompyuta zikaja. Asubuhi moja baba alikuta chungu kimeshazimwa, risasi imeganda, akaambiwa aufungue mtambo vipande vipande, yeye mwenyewe. Chuma kilienda kwa wanunuzi wa chakavu. Risasi waliichukua wavuvi wa Mbamba Bay, wakaifanya chubwi za kuzamishia nyavu. Jioni alinawa mikono, akala ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Mama hakumsema tena.

Jamani, natamani ile harufu ya mafuta na risasi mpaka leo. Juzi, kwa ajili ya misa ya kumwombea marehemu, kijana wa steshenari mjini alinichapia jina la baba. Sikuwahi hata kukaa. "Mama, tayari," akaniambia. Karatasi ilitoka na kajoto kidogo. Nikaifumbata haraka kwa viganja viwili, lakini kabla sijafika mlangoni ilikuwa imeshapoa.