Mama Chupa Hakubandua

Kipindi cha kwanza hakijaanza, na tayari mezani kuna chupa thelathini na tatu za maji ya visima vya mtaa ulio nyuma ya chuo. Mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe lililopauka anaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nani kaijaza nusu?"

Mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono kwa aibu.

"Rudi kisimani, mwanangu. Miguu unayo."

Ni fundi wa maabara wa chuo kikuu kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wanafunzi humwita Mama Chupa, naye huitika.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandaa majaribio ambayo majibu yake yalishajulikana. "Walinakili tu ya wenzao waliotangulia," anasema. "Mmoja aliandika maji yamegeuka bluu, na mimi siku hiyo nilisahau kuweka dawa. Akapata alama zote!"

Kisha akaja mhadhiri kijana aliyetaka wanafunzi waulize swali lao wenyewe na kulitafutia jibu muhula mzima. Wenzake walimcheka. Mama Chupa alimuuliza anahitaji vifaa gani.

Mwaka jana wanafunzi saba waliuliza kwa nini nguo nyeupe zikifuliwa bwenini hutoka na madoa ya kahawia. Walipima maji ya mabomba yote kumi na moja kwa wiki sita. Tangi la maji la bweni lilikuwa limeliwa na kutu.

Matokeo yalipobandikwa ubaoni, mkuu wa idara alimwita fundi.

"Nani kawatuma hawa watoto kukichunguza chuo?"

"Hakuna, bosi. Wamechoka kuvaa madoa."

Aliamriwa abandue karatasi na kurudisha kitabu cha zamani cha majaribio. Alikataa. Akapewa barua ya onyo.

"Niliogopa, nisikudanganye," anasema. "Mume wangu hafanyi kazi tangu augue, na binti yetu yuko sekondari. Lakini ningebandua, wale saba ningewatazama vipi?"

Karatasi zikachanwa. Akabandika nyingine, nazo zikachanwa. Mara ya tatu alisimama pale ubaoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, akimweleza kila aliyepita. Wiki iliyofuata tangi jipya lilifungwa. Hakuna aliyemwambia asante, na barua bado imo kwenye faili lake.

"Ikae humo humo. Mimi siililii."

Muhula huu vikundi vya maswali vimefika tisa, na maabara haitoshi. Kabla ya kustaafu miaka mitatu ijayo, anataka wanafunzi wawe na chumba chao cha uchunguzi. Amekitolea macho chumba cha jirani, kilichojaa viti vibovu hadi darini.

Ameshaomba ruhusa?

"Ruhusa ya nini?" anauliza, akikunja mikono ya koti. "Nimeomba ufunguo, wamenipa. Hebu shika miguu ya hicho kiti, mwandishi, tukitoe."