Kuungua kwa Mji wa Chumvi

Kisanduku kiliachwa na mwalimu mzungu aliyefundisha hesabu Nchelenge kisha akarudi kwao. Alimwachia Katongo, fundi baiskeli wa karibu na soko, kwa sababu Jumapili nyingi walikuwa wamecheza pamoja, yeye, Katongo na Esnart, mkewe Katongo. Ndani mlikuwa na dadu za pembe nyingi na kitabu cha kanuni. Mchezo wenyewe ni hadithi: kila mtu mezani ana mtu wake katika nchi ya kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu.

Msimu wa mvua wa kwanza mchwa wakakila kitabu. Walianzia nyuma. Wakala majoka, wakala wachawi, wakala na ukurasa unaoeleza mtu akifa inakuwaje. Tangu hapo kanuni zikawa mali ya waliokaa mezani, na nusu ya mchezo ikawa mabishano.

Walikuwa wanne, kila mmoja na kitu kidogo cha kumwakilisha mtu wake ubaoni. Katongo alichezea nati ya gurudumu. Vicky, aliyenunua samaki Chienge na kuwapa wenye baiskeli wawabebe, alichezea kifungo cha shati. Michée, mfanyabiashara aliyevuka ziwa kutoka Kongo na vitenge na kurudi na unga, alichezea kifuniko cha chupa ya bia, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito, yeye ndiye aliyesimulia. Esnart alichagua gololi ya beringi. Ilimetameta, na isipowekewa kijiti ilibingirika mpaka chini ya karai la maji ya kutafutia pancha.

Nchi yao ilichorwa kwa chaki juu ya ubao wa mlango mbovu. Katikati yake kulikuwa na Mji wa Chumvi, wenye kuta nyeupe, kando ya ziwa lisilo na jina. Hakuna aliyeupigania mji ule kama Esnart. Siku moja walibishana mpaka wateja wakajazana mlangoni, kisa Michée kusimulia kwamba mwizi ameingia nyumbani kwa Esnart mle mjini kupitia dirishani.

"Dirisha gani?" Esnart alimkatiza.

"Ya upande ya ziwa, mama."

"Nyumba yangu haina dirisha upande wa ziwa! Nani aliliweka? Weye? Ulikuwa fundi wangu?"

"Mais mama, nyumba bila dirisha, utapata wapi mupepo?"

"Upepo nitautafuta nje. Mwizi wako arudi alikotoka."

Mwizi alirudi alikotoka.

Ni yeye pia aliyeleta ile kanuni kubwa. Michée alikuwa akikaa ng'ambo wiki nyingi, na Vicky alitaka mtu wa Michée auawe ili hadithi isonge. Esnart akaweka kiganja juu ya kile kifuniko cha chupa. Asiyekuwepo mezani, alisema, mtu wake anakaa Mji wa Chumvi. Hapatwi na lolote. Na hakuna anayemsemea mpaka arudi mwenyewe. Wakakubali wote, kwa sababu kubishana na Esnart kulichosha kuliko kusukuma baiskeli kwenye mchanga wa Kabuta.

Kisha vita vikaanza Kongo, Agosti ya mwaka tisini na nane, na Michée hakuonekana tena. Krismasi haijafika, Esnart naye akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka mvua zikaisha, akawa mwepesi hivi kwamba Katongo alimpeleka hospitali kwa kumkalisha kwenye keria ya baiskeli, amefungwa kwa kitenge kiunoni mwa mumewe. Walimzika Aprili.

Katongo hakuufuta ule ubao. Gololi ilikuwa bado ndani ya kuta za chaki, imeegemea kijiti chake, pembeni ya kifuniko cha chupa. Kanuni ilikuwa wazi: hayupo mezani, basi yuko mjini. Kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la spana, alitazama kwanza pale.

Michée alifika kwa boti katikati ya mwaka, yeye na mkewe Aurélie, na mzigo wao wote ulikuwa sufuria moja. Aliposikia habari za Esnart alikaa chini palepale kwenye vumbi la karakana. Kijiji chake kilikuwa kimechomwa. Mama yake hakutoka. Jumatatu lori lingewachukua wakimbizi kuwapeleka kambini, mbali na ziwa. Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya kanisa, Vicky akasema wacheze mara ya mwisho.

Michée aliukazia macho ubao. Hakugusa dadu.

"Yaya Katongo," alisema, jinsi kwao wanavyomwita kaka, "mi nataka Muji ya Chumvi iungue."

Vicky alicheka, akakataa kwa lugha ya kwao. "Awe mwe! Chumvi haiungui."

"Kwetu nyumba ilikuwa ya matofali. Matofali iliungua? Manyasi ya juu njo iliungua, kiisha ikaangukia batu, bamama na batoto."

Vicky akakisogeza kifungo chake mbali na kuta za chaki.

"Kwa nini mji?" Katongo aliuliza. "Choma msitu. Choma daraja, Michée. Kuna nchi nzima hapa."

"Mi siwezi kuingia mu muji yenye kusimama. Nikikaa hapa naona kuta iko muzima, batu beko balala, nasema: huyu anayesimulia ni muongo. Mutu yangu atoke mu moto. Akitoka, nitajua namna ya kumusimulia." Akakigusa kile kifuniko cha chupa kwa kidole. "Sheria ya Esnart ilinichunga hapa. Kule inje haikunichunga."

Kubadilisha nchi kulihitaji wote wa mezani wakubali. Vicky alitikisa kichwa taratibu kwamba amekubali. Ikabaki kwa Katongo.

Aliitazama gololi. Hakuwa na mahali pengine pa kumwona mkewe. Makaburini hakuhisi kitu, mchanga tu na msalaba wa mbao. Hapa alikuwa na mke anayekaa katika mji mweupe akingoja zamu yake. Lakini aliiona pia mikono ya Michée, imekaa juu ya magoti viganja juu, kama mikono ya mtu anayesubiri kupewa kitu, na akajua kwamba kesho mikono ile itakuwa juu ya lori.

"Iungue," alisema. "Ila Esnart atoke kwanza."

"Nani atamutosha inje? Sheria yake inakataza. Hakuna wa kumusemea."

"Mimi. Nitamsemea mimi."

Hakuna aliyebisha. Ilikuwa mara ya kwanza kanuni kubadilishwa mezani pale bila kelele, na Katongo aliuona ukimya huo kuwa mbaya kuliko moto wenyewe.

Michée akakohoa, akaishusha sauti yake ya kusimulia. "Manyasi inawaka. Batu banakimbia ku mashua. Esnart, moshi inaingia mu nyumba yako kupitia dirisha ya upande ya ziwa. Unafanya nini?"

Katongo alifungua kinywa. Alitafuta sauti ya Esnart, ule ukali wenye kicheko ndani, jinsi alivyoinua kidevu. Alipata kikohozi tu, na uzito wake mwepesi kwenye keria.

"Ninatoka," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Alirusha dadu. Namba ikawa nzuri. Wakaweka gololi na kifuniko cha chupa ndani ya kiberiti kitupu kilichokuwa mashua, na Vicky akafuta mji kwa ukingo wa kitenge chake.

"Mashua inaenda wapi?" Michée aliuliza.

"Sijui, ndugu yangu."

Jumatatu lori liliondoka mapema. Aurélie alipunga mkono; Michée aliketi ameupa mgongo upande wa ziwa. Katongo alirudi karakanani, akapindua baiskeli ya mchuuzi wa Kabuta, akaanza kunyoosha spoku. Gurudumu likazunguka. Na katikati ya kuzunguka huko, bila kutafutwa, sauti ya Esnart ikaja, nzima, kali, na kidevu chake juu: Dirisha gani? Nyumba yangu haina dirisha upande wa ziwa!

Moshi usingepata pa kuingilia. Angebisha mpaka moto uchoke.

Katongo aligeuka amwambie Michée. Kulikuwa na ubao uliofutwa, na mwenye baiskeli aliyeinama kutazama gurudumu lake.

"Fundi? Kumeharibika kitu kingine?"

"Hapana," Katongo alisema, akalizungusha tena gurudumu ili asitazamwe usoni.