Baruti Niliyoichoma Wadini

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Nizwa, huku ng'ambo tulikohamia, sikupewa bunduki wala risasi. Mkuu wa karakana, mzee aliyelelewa Pemba kama nilivyolelewa mimi Unguja, alinikalisha kwenye meza tupu, akaweka juu yake kopo moja la baruti. Nikakaa nasubiri.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Nangoja hayo makopo mengine, shekhe, nijue kuyatofautisha."

"Hakuna mengine. Meza hii haikai makopo mawili. Siku ukiyaona mawili, usiguse kitu. Toka nje uje uniite."

Kazi yetu ilikuwa kujaza upya maganda ya risasi kwa walenga shabaha wa klabu. Ganda lililokwisha pigwa halitupwi. Husafishwa, hurudishwa umbo lake, hutiwa kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, hupimiwa baruti kwa mizani, kisha huzibwa kwa kichwa cha risasi. Nyinyi vijana mnaonunua za boksi mnadhani ulikuwa ubahili. Sivyo. Risasi ya kiwandani hutengenezwa ikubaliane na bunduki za watu wote. Sisi tulimshonea mtu mmoja na bunduki yake moja, kama kanzu.

Ugumu wote ulikuwa katika kuchagua baruti. Iko ya haraka, inayowaka yote kwa mara moja, nayo ni ya bastola na maganda mafupi. Iko ya taratibu, inayoisukuma risasi safari nzima ya mtutu. Bunduki zetu za mtutu mwembamba zilitaka ya kati na kati. Ikizidi haraka, shinikizo hupanda hata chuma kisistahimili. Ikizidi kuwa ya taratibu, inatoka mdomoni haijesha kuungua, na risasi zinatawanyika ovyo. Halafu utazame umbo. Ya vidonge huteremka kwenye kipimio kama mchanga, na fundi mvivu huipenda. Ya vijiti hukwama, hukatika, hukutoa roho.

Nilipohamishiwa mji wa Sur nilikuwa fundi wa vidonge. Mkuu wa uwanja wa shabaha, mtu mkali asiyejua kunong'ona, alinipokea vizuri hadi ulipoingia msimu wa joto. Asubuhi walengaji wake walipiga tundu juu ya tundu. Jua likisimama, risasi zile zile zikaanza kupanda juu ya shabaha.

"Ya akhi, asubuhi unanipa asali, adhuhuri unanipa shubiri!" alinifokea mbele ya watu.

Alikuwa na haki ya kufoka. Baruti ile ikipata joto iliongeza nguvu, na huku kwetu joto si mgeni. Waliotuuzia walikuwa wameijaribu kwao kwenye baridi. Nikaanza kuhangaika na aina moja baada ya nyingine, kila moja nikiianza na kipimo kidogo na kupanda polepole, maana hata kopo jipya la aina ile ile si la kuaminiwa. Mwishowe nikapata moja ya vijiti vyeusi vifupi, iliyopakwa kitu cha kuizuia isihamanike na jua. Ilinitesa kwenye mizani, lakini asubuhi na adhuhuri ilikuwa ni ile ile. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Nayo ndiyo niliyokuja nayo mji wa Ibra, kwenye klabu nyingine, nilikokutana na Khamis. Khamis alikuwa mlengaji wetu bora na sahibu yangu. Mama zetu walikuwa mashoga tangu Unguja. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kuingia timu ya taifa, na umri ulikuwa unamkimbia. Likabaki jaribio moja la kuchagua timu. Wakati huo huo kiwanda kikaacha kutengeneza ile baruti ya vijiti. Tukabaki na kopo moja, likiwa chini ya nusu.

Nikaenda Sur kwenye taazia. Niliporudi, Khamis alikuwa karakanani, ameshatia kahawa, anacheka.

"Karibu, yakhe. Wallahi leo utanishukuru. Nimekuongezea baraka."

"Baraka ya nini?"

"Kopo letu lilikuwa linakwisha. Nimeona lile kopo jengine la kabatini lina masalia, vijiti vyeusi vivyo hivyo. Nikayamimina humu. Si kama mama zetu na samli? Ya zamani hubaki chini ya mtungi, mpya ikaja juu, baraka isikatike. Na kuyatupa ni israfu, haramu."

Nikakaa chini. Lile jengine lilikuwa la baruti ya haraka. Vijiti vile, ukishavichanganya, hakuna mwanadamu wala mashine itakayovitenga. Nikamwambia risasi itakayotoka humo yaweza kumpasukia usoni.

Mudiri, mkuu wa klabu, akaitwa. "Jaribu moja tu, fundi," alisema kwa upole. "Funga bunduki mezani, vuta kifyatulio kwa kamba, ukiwa mbali."

"Moja ikisalimika, bwana mudiri, haisemi chochote juu ya ya pili. Humu kila kijiko kina mchanganyiko wake."

Akasema, "Khalas, basi, fanya unavyoona."

Nikalichukua kopo hadi wadini, kwenye bonde la mto mkavu, nikaimwaga baruti mstari mwembamba juu ya mchanga, nikaiwasha. Khamis alinifuata. Baruti iliyo wazi hailipuki. Ni ikifungwa ndani ya ganda ndipo inapokuwa shetani. Ikawaka kwa mvumo mdogo, moto wa manjano, ikazimika.

"Mbona haikulipuka?" akauliza. "Si ulisema itanipasukia?"

Nikamweleza. Nikamweleza tena njiani. Hakuna neno lililomwingia. Alikuwa ameona kwa macho yake kitu kikiungua kama karatasi, na pamoja nacho jaribio lake.

Muda wa kutafuta baruti nyingine haukuwapo, akaenda kwenye jaribio na risasi za boksi. Adhuhuri zikampanda juu ya shabaha, na jina lake halikuitwa. Hakupiga tena. Karakana nayo ikafungwa, ikaonekana haina kazi, nami nikastaafu nikiwa na elimu isiyotakiwa na mtu.

Watu hunambia nijivunie, nilifanya kilicho sawa. Sijivunii. Msiba ulioepushwa hauna ushahidi, na mtu uliyemwokoa hawezi kujua kwamba ameokoka. Najua nilichokifanya, na ningekirudia kesho, lakini kimeniachia uchungu mtupu moyoni, na Mungu ndiye anayejua.

Khamis yuko hai, ni mzima. Macho yake yote mawili yanaona vizuri bila miwani, na nikimkuta sokoni Ibra nikamtolea salamu, huyageuza upande wa pili.