Pancha ya Mkunga

Baiskeli ya mkunga ilikaa kwa fundi siku tatu kwa pancha moja tu, na kila akiiulizia anaambiwa "njoo kesho." Siku ya nne aliikokota mpaka nyumbani.

"Mimi nimezalisha mapacha waliokaa vibaya tumboni," alimwambia mumewe, "nishindwe na tairi?"

"Haya mama, karai lile pale," mume alijibu, akampisha.

Aliuchomoa mpira wa ndani, akauzamisha majini, akaona mapovu yanapotokea, akabandika kiraka alichonunua kwa fundi na kujaza upepo. Akazunguka mtaa akipiga kengele hata pasipo na mtu. Hajafika kona ya pili, tairi likanywea.

Alimrudia fundi amefura. "Viraka ulivyoniuzia ni vibovu!"

Fundi alipapasa ndani ya tairi taratibu, akatoa mwiba.

"Mama mkunga, mtoto umemtoa vizuri sana. Ila kondo la nyuma umeliacha ndani."

Mkunga alicheka hadi akashika mbavu. Siku hizi breki humwachia fundi, lakini pancha anaziba mwenyewe. Kwanza hunawa mikono, kisha hupapasa ndani.