Siku Niliyolegeza Kamba Mvuani

Vijana wa leo wanafunga mzigo kwa mikanda ya nailoni yenye mkono wa kukazia, halafu wanajiita madereva. Mimi nawaangalia tu. Nina malori yangu matano sasa, na katika wote ninaowaajiri sijapata hata mmoja wa kufunga turubai nikaridhika. Shule niliishia darasa la nne, sifichi. Lakini mbele ya kamba, mimi ni profesa.

Miaka ya tisini nilikuwa naendesha lori la tajiri mmoja, nikikaa ploti ya vyumba kumi na viwili huko Dandora. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee mmoja kutoka Ukambani, mchonga vinyago. Alichonga twiga. Si wale wa kuweka juu ya meza. Twiga wake walimzidi yeye mwenyewe urefu, na shingo zao zilikuwa nyembamba kama mkono wa mtoto. Aliwauza kwenye ghala moja karibu na mtaa wa Fedha, na kutoka pale walisafirishwa ng'ambo. Mzigo wake uliotangulia ulifika twiga sita wamekatika shingo. Mwenye ghala akamwambia akivunjika hata mmoja tena, ataenda kununua kwa wengine. Na chini ya banda la yule mzee kulikuwa na wachongaji wanane, kila mmoja na familia ya kulisha.

Jumamosi asubuhi alikuja pale tulipokuwa tunaegesha malori. Aliyebeba mzigo ule uliovunjika alikuwepo, dereva mkongwe, tena ndiye aliyenifundisha kukunja turubai.

"Ni barabara iliwaua, mzee," mkongwe akamwambia. "Mashimo ya kule hata twiga wa nyama hapiti."

"Mashimo yamekuwepo siku zote," mchongaji akasema. "Nani atanibebea twiga wapya thelathini?"

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikasema nitawabeba mimi.

"Huyu wa darasa la nne?" Mkongwe alicheka mpaka akashika bodi ya lori. "Mpatie mahindi abebe, mzee. Mahindi hayana shingo."

Nilienda bandani nikaomba nionyeshwe wale waliovunjika na kurudishwa. Nikawapanga chini. Wote sita walikuwa wamekatika mahali pamoja, mstari mmoja umenyooka, na kwingine kote hakuna hata mkwaruzo. Barabara haivunji kwa mstari. Barabara hugonga huku na huku kama mlevi. Hapo nilijua kamba ndiyo ilipita pale, ila sikujua ilipata wapi nguvu hiyo.

Basi nikapakia kwa akili yangu. Twiga mmoja anaangalia mbele, wa pili nyuma, shingo ya huyu ikilala kati ya miguu ya yule, na katikati magunia ya taka za randa kutoka bandani kwake. Juu nikalaza mbao nene, ili kamba ilale juu ya mbao isiguse shingo. Turubai la nyuma nikalitandika kwanza, la mbele likalilalia kama mabati ya paa, upepo usipate pa kuingilia. Mwisho nikapitisha kamba za katani juu ya yote, nikizivuta kwa kile kitanzi chetu ambacho mtu mmoja anavuta kama wawili. Nilikaza mpaka lori likalia. Ghala lingefunguliwa Jumatatu, kwa hiyo nikaliegesha kando ya kanisa.

Jumapili katikati ya mahubiri mvua ikashuka. Ilipiga mabati hivi kwamba mchungaji tuliona mdomo tu. Nimekaa pale na suti yangu ya pekee, nikamkumbuka jirani yangu wa ploti. Wiki iliyotangulia mvua ilinyesha, kamba yake ya nguo ikang'oa msumari ukutani, mashuka yakaingia kwenye matope, naye akawagombeza watoto wa watu akidhani wameivuta. Lakini watoto walikuwa ndani. Ile ilikuwa kamba ya katani. Katani ikilowa inavimba, ikivimba inafupika.

Wale twiga sita hawakuvunjwa na shimo lolote. Walivunjika lori likiwa limesimama.

Nikatoka. Mchongaji akanifuata. "Dereva, mahubiri hayajaisha."

"Mzee, ule mzigo wa kwanza ulinyeshewa?"

"Usiku kucha, hapa hapa."

Niligonga kamba kwa kidole ikalia kama gitaa. Mbao chini yake zilikuwa zimeanza kupinda. Nikapanda na suti yangu, nikaanza kulegeza, kamba moja baada ya nyingine, kila moja upana wa vidole vinne. Ibada ikaisha, watu wakajaa chini ya miavuli kunitazama, mkongwe mbele yao.

"Sasa ndugu," akasema, "mvua inanyesha na wewe unalegeza? Kesho tutaokota twiga kutoka hapa mpaka Fedha. Mzee, mteremshe huyo."

Mchongaji hakuwa na mwavuli. Alishika ile kamba iliyobaki, akaibonyeza, akaikunja kidogo mkononi kama anayepima kipande cha mti.

"Mti pia unakunywa maji ukavimba," akasema. "Malizia, dereva."

Jumatatu jua liliwaka. Kamba zilikauka zikalegea, nikazikaza kabla ya kuondoka, nikasimama njiani mara mbili kuzikaza tena. Mashimo tuliyapita yote, sikuruka hata moja, mzee akiwa kando yangu. Ghalani nilifungua turubai mwenyewe. Mzee akapitisha kiganja kwenye kila shingo, polepole, kutoka kichwani mpaka mabegani. Thelathini. Mwenye ghala akamwambia alete wengine thelathini. Mzee akaenda nyuma ya lori, akakaa huko kitambo, aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Miaka yote niliyobaki Dandora, hakuna aliyebeba twiga wake ila mimi, na hakukatika hata sikio.

Jioni ya Jumatatu ile mkongwe alinikuta naosha magurudumu. Alizunguka lori mara moja, akazitazama kamba zangu, akakohoa.

"Ulilegeza vidole vingapi?"

"Vinne," nikamwambia. "Lakini viwe vinene kama vyangu."

Akaangalia vyake, kisha akaniomba nimwonyeshe.