Kiingereza cha Kusindikizana

Mume wangu alijifunza Kiingereza cha kutembea kwa kutembea. Najua kwa sababu nilimwona kila jioni kutoka kwenye cherehani yangu hapa Kagugu, mtaa wa kilimani, akishuka na kupanda njia ya miguu pamoja na jirani yetu, mwalimu mstaafu, huku mimi nikishona na kujizuia kucheka.

Yeye ni dereva. Alikulia mtaa wa Gatsata katikati ya magereji, na shuleni alisomeshwa kwa Kifaransa. Ofisi iliyomwajiri ilipofunga virago, akabaki nyumbani, na dereva aliyebaki nyumbani ni balaa tupu. Alinipangia upya sufuria zangu. Alitengeneza kitasa ambacho hakikuwa kimeharibika, kikaharibika. Kwa hiyo tuliposikia kwamba hoteli moja ndogo ya mtaa wa Kiyovu inatafuta dereva wa kubeba wageni, nilimpigia pasi shati na suruali, nikakaribia kupiga pasi hata soksi.

Alirudi amenywea. Meneja wa hoteli, mama aliyekulia Uganda, alimwambia kwamba Kiingereza anakijua, ila atawatisha wageni. Nikamwomba anionyeshe alivyosema. Akasimama katikati ya sebule, mikono kando, akatangaza, "Madam, we descend. Now we ascend. Please enter." Hakukosea kitu, lakini nilijiona niko kanisani siku ya ubatizo. Meneja alimpa nafasi moja tu nyingine: arudi mvua zikikatika, ajaribiwe tena.

Tatizo lake nililielewa, maana nimekulia Tanzania na Kiswahili ndicho kilichonilea. Sisi kila mwendo tumeupa neno lake: unapanda, unashuka, unaingia, unatoka, unavuka. Waingereza katika maongezi ya kila siku huchukua kineno kimoja, go au come, wakakifunga mkia: up, down, in, out, over, round. Mwanzoni niliona ni uvivu wa watu wasiotaka kutafuta maneno.

"Mimi iko natafuta neno, na wao iko na mukia tu," mume wangu alilalamika.

Jirani yetu, mama mjane aliyekulia Uganda pia na kufundisha Kiingereza watoto wa shule ya msingi karibu maisha yake yote, ndiye aliyemwokoa. Alizoea kuja kwetu jioni kunywa chai ya maziwa. Mume wangu alipomletea kiti na kalamu ili amfundishe, yeye hata hakuitazama ile kalamu.

"Shoferi, weka hiyo kitu," akasema. "Wewe uko na miguu. Nisindikize."

Hapa kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unamfikisha angalau barabarani, na kama mnapendana unamfikisha kwake. Naye akifika kwake anaona vibaya kukuacha urudi peke yako, basi anakurudisha hadi nusu ya njia. Nimewahi kuona watu wazima wakirudishana hivyo mpaka chakula cha jioni kikapoa. Mwalimu aliifanya desturi hiyo kuwa darasa lake.

Wakitoka getini kwetu alikuwa akisema, "We're going out." Wakifika kwenye ngazi za saruji, "Going down." Mtaro wa maji ya mvua wanauruka, "Over." Wanafuata ua wa miti ya miyenzi, "Along." Wanazunguka bomba la maji ambako akina mama wanachota, "Round," na akina mama wale wakaanza kuitikia kwa pamoja kabla yeye hajafungua mdomo. Mume wangu hakuona haya. Mwanamume mwenye mvi, dereva wa miaka mingi, alikuwa akiruka mtaro akisema over, anarudi, anauruka tena, kwa sababu mwalimu hakuridhika na alivyoisema. Nilimtazama kutoka dirishani nikampenda upya, na sioni aibu kuliandika hilo.

Uvivu niliodhania nao nikaanza kuuona kwa jicho lingine. Ukishakuwa na ile go yako, mlima wote ni wako. Unabadilisha mkia tu na mtu anakwenda popote unapotaka aende. Nikajikuta nasukuma kitambaa chini ya sindano nikinong'ona, through, through.

Mvua zikakatika, siku ya kujaribiwa ikafika. Mimi nilibaki nyumbani, cherehani imeniganda, nimeshona mkono wa gauni kichwa chini miguu juu. Jua lilipokuwa kali nikasikia sauti yake kwenye ngazi. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa akipanda, mgongo umenyooka, na nyuma yake mwanamke mwenye suti na viatu vya visigino virefu akihema.

"Nearly there, madam. Up we come," akasema mume wangu.

Nikajua papo hapo kwamba ni meneja; mengine nilisimuliwa baadaye. Meneja alikuwa amekaa kiti cha nyuma kama mgeni, akamwambia ampeleke anakoishi dereva mwenyewe na amweleze njia wanavyokwenda. Kutoka Kiyovu alikuwa ameshuka vizuri bondeni na kupanda upande wa pili, maneno yakimtoka kama maji. Lakini sehemu ya mwisho aliijua kwa Kiingereza cha miguu peke yake. Barabara ya gari inazunguka kilima na kutufikia kwa nyuma, na huko hakuwahi kumsindikiza mtu. Kwa hiyo aliegesha gari la hoteli chini, akamfungulia mama wa watu mlango, akamvusha mtaro, akampandisha kwa ngazi hadi nyumbani.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mgeni ni mgeni. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikateleka chai. Jirani yetu akaingia kwa sababu alishindwa kuvumilia kwake. Meneja alikunywa chai, amevua kiatu kimoja, na mume wangu akaketi ukingoni mwa kiti akitazama sakafu. Aliamini kazi imemponyoka, na mimi niliamini hivyohivyo.

Meneja alipoinuka, sote tukainuka kumsindikiza. Hapo mume wangu akasahau kwamba anapimwa. Kiingereza kikatoka bila kuitwa: aangalie hapa panateleza, apite upande huu, asiogope mtaro, ampe mkono. Kwenye bomba la maji akina mama wakaitikia, "Round!" na meneja akacheka mpaka akashika ua.

Tulipofika kwenye gari hakuingia mara moja.

"Mimi sijasindikizwa hivi toka mama yangu afe," akasema kwa Kiswahili. "Kule kwa hoteri, mugeni anaenda, sisi tunafunga mulango." Kisha akamgeukia mume wangu. "Jumatatu uje mapema. Na ujifunze barabara ya gari, rwose, kabisa. Viatu vyangu vimeisha."

Mume wangu akaitikia ndiyo kwa lugha ya mama yake, "Yego, madam," akamfungulia mlango wa gari.

Jumatatu ilianza na ukungu na baridi. Nilimtoa mume wangu hadi getini, nikamkuta mwalimu amesimama pale, kitenge mabegani, anamngoja. Alikuwa amekuja kumsindikiza. Tukashuka watatu, na kwa mara ya kwanza mwalimu hakutaja hatua hata moja. Chini ya ngazi akakohoa. Mume wangu akamvutia kitenge vizuri shingoni, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomsemesha mama yake, "Go back in, it's cold. I'll come round in the evening." Arudi ndani, baridi, yeye atapita kumwona jioni. Kisha akauruka mtaro, akaenda zake.

Mwalimu alibaki akiitazama njia hata baada ya yeye kupotea kwenye ukungu. Nilidhani anakagua matamshi.

"Mama," akaniambia, akijifuta macho kwa pindo la kitenge, "ile come round ya jioni sikumufundisha."

Nikamshika mkono, nikamsindikiza kwake.